Miaka Sita ya Mama Mkubwa

Darasani tulikuwa kumi na wanane, na mimi ndiye niliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote. Wengi walikuwa madaktari vijana wenye kompyuta nyembamba. Wawili walikuwa wachumi waliovaa koti hata Oktoba, joto linapoibana Lubumbashi nzima kabla ya mvua. Mimi nilikuwa muuguzi wa kituo cha afya huko Ruashi, niliyefunga vidonda vya watu miaka kumi na mitano kabla ya kuambiwa kwamba kidonda kina uzito unaoweza kuandikwa kati ya sifuri na moja. Sikuwa mjinga. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu katika haya nitakayosimulia nitaonekana mjinga, na kwa sehemu kubwa nitakuwa nimestahili.

Nilikwenda kusoma uchumi wa afya kwa hasira. Kituoni kwetu tulipokea dawa zilizoamuliwa na watu ambao hawajawahi kuiona foleni yetu ya asubuhi. Mwaka huu vyandarua, mwaka ujao chanjo, na mguu wa mgonjwa wa sukari haumo kabisa. Nikiuliza kwa nini, naambiwa kuna hesabu. Basi nikasema hiyo hesabu nami nitaijua, tuone. Nikajiandikisha shahada ya uzamili, nikawa nafanya zamu ya asubuhi kituoni na kuingia darasani alasiri, na vumbi jekundu la Ruashi bado liko viatuni.

Hesabu ilinitoa jasho. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo, na aliandika ubaoni haraka kuliko alivyosema. Siku moja alitufundisha kwamba mwaka wa afya utakaokuja mbali una uzito mdogo kuliko mwaka huu tulio nao, akaandika kanuni ya kuupunguza. Nikanyoosha mkono nikauliza: uzito mdogo kwa nani? Vijana wakacheka. Mwalimu akasema swali ni zuri, akafuta ubao, akaendelea. Nilikereka wiki nzima, lakini kanuni niliikariri, na kwenye jaribio niliipata.

Ndipo tukafika kwenye njia ya kuupima huo uzito wenyewe. Unakaa na mtu, unamwonyesha maisha mawili. Maisha A: utaishi miaka kumi, lakini na ugonjwa huu au ulemavu huu. Maisha B: utaishi mzima kabisa, lakini miaka pungufu. Halafu unaipunguza miaka ya Maisha B mmoja mmoja, mpaka mtu aseme hapa basi, sasa yote mawili ni sawa kwangu. Pale aliposimama ndipo unapopata namba yako. Namba inaingia kwenye jedwali, na jedwali linakwenda kwa wale wanaoamua dawa zipi zije. Nilipoelewa hivyo nilifurahi kweli. Hatimaye palikuwa na mahali ambapo mgonjwa anaulizwa mwenyewe.

Tasnifu yangu ilihusu kukatwa mguu kwa wagonjwa wa sukari. Niliandika maswali yangu kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa sababu cha vitabuni hakuna mgonjwa wa Ruashi anayekitumia nyumbani kwake. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu ayajaribu maswali kwa mtu mmoja kabla ya Jumatatu, ili tuone yanapita vipi mdomoni. Mtu mmoja tu, wa kujaribia. Wenzangu walijaribia wake zao na majirani zao. Mimi nikaenda mtaa wa Hewa Bora, kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, na huyu ndiye aliyenichukua akanilea pamoja na mwanawe wa pekee. Wazazi wao walikuja kutoka Kasai kwa treni, na yeye maisha yake yote aliuza vitenge sokoni, amesimama toka asubuhi hadi kufunga. Alikuwa anasema mtu anayeuza amekaa hauzi, anapumzika. Sukari ilimpata uzeeni. Wakati huo alikuwa na kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, na mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha, kila Jumatano na kila Jumamosi.

Ndiyo, nilimuuliza mwanamke mwenye kidonda mguuni habari za kukatwa mguu. Nilimchagua kwa sababu nilikuwa nakwenda kwake kwa vyovyote, na kwa sababu ana subira. Nimetafuta sababu nyingine iliyo bora zaidi na sijaipata.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa. Nilimaliza kufunga kidonda, nikanawa mikono, nikatoa ubao wangu. Niliutengeneza kwa katoni ya sabuni: mstari wenye alama kumi, karatasi ya kijani kwa Maisha B, ya manjano kwa Maisha A, na mshale wa kusogeza. Nikamsomea fomu ya ridhaa, kwa sababu tulifundishwa kwamba hata ukimuuliza mzazi wako lazima aridhie. Akatia sahihi yake, ile ndefu ya mtu aliyesoma kwa masista, na nakala moja nikamwachia kama utaratibu unavyotaka. Nikaanza. Maisha A, miaka kumi, mguu mmoja na magongo. Maisha B, miguu miwili, mzima, lakini miaka tisa. Unachagua ipi?

Aliutazama ubao. Kisha akaniambia, "Mbele nijibu, niache nilombe kwanza."

"Juu ya nini ulombe, mama? Ni maulizo ya masomo tu."

"Maulizo ya maisha haiko ya bule, mwana yangu."

Akafumba macho. Aliomba kwa Kiluba cha kwao Kasai, taratibu, na mimi nikangoja nikiangalia saa ya simu. Kwenye daftari langu niliandika kwamba mhojiwa ameshiriki kwa makini. Alipofumbua macho akachukua mshale mwenyewe, akausogeza tisa, nane, saba, akafika sita akaubonyeza kwa kidole.

"Sita," akasema. "Miaka sita, na miguu yangu yote mbili. Amina."

Nikasema asante mama, nikaandika sita. Tukala bukari, ndiyo ugali wetu, na mboga ya lengalenga, nikarudi nyumbani nimeridhika. Jumatatu mwalimu alisema maswali yangu ndiyo yaliyokaa vizuri kuliko ya wote.

Kisha mitihani ikaingia. Wiki mbili nzima sikwenda Hewa Bora. Nilimwomba binti wa jirani yake, mwanafunzi wa uuguzi, amsafishie kidonda, na yule binti alifanya alivyoweza. Nilikuwa nakaa na vitabu mpaka herufi zinacheza, nikijiambia kwamba haya ninayoyasoma yatawasaidia wagonjwa wa mguu wote wa Katanga. Mama mkubwa nilimpigia simu kila siku. Kila siku akaniambia yuko sawa, nisome tu, nisiogope. Sauti yake ilikuwa tulivu sana, nami nikaona raha.

Jumamosi ya tatu nilipofungua bandeji harufu ilinijibu kabla ya macho. Vidole viwili vilikuwa vyeusi na mguu umevimba hadi juu ya kifundo. Nimeona miguu ya namna hiyo mingi, nikajua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ulikuwa na mitihani, na tena hakuna haja ya kuogopa. Nilidhani ni imani yake tu. Jioni hiyohiyo tulikuwa hospitali, na Jumatatu asubuhi daktari wa upasuaji akaja kitandani.

Alikuwa kijana, mwenye adabu. Akavuta kiti, akakaa, akamwambia, "Mama, huu muguu hautapona tena. Iko lazima tukate chini ya goti. Mu hii semaine, wiki isipite."

Mama mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa utulivu uleule wa kwenye simu, "Docteur, asante. Lakini miye nilishachagua. Miaka sita, na miguu yote mbili."

"Nani alikupa miaka sita, mama?"

"Mwana yangu huyu. Aliniletea papier ya kwa masomo yao, nikatia signature. Iko mu Biblia yangu."

Na kweli akaifungua Biblia, akatoa nakala ya fomu iliyokunjwa mara nne. Daktari akaisoma. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mdogo kwangu, na sikuwa na pa kujificha, kwa sababu jina la masomo yangu lilikuwa pale juu, na sahihi yangu chini ya sahihi yake.

Ilinichukua muda kuelewa jambo ambalo mtu yeyote wa mtaa wetu angeniambia. Hewa Bora watu wa karatasi wamekuja mara nyingi. Wanakuja na maswali, unajibu, unatia sahihi, na baada ya wiki kadhaa vyandarua vinafika. Karatasi ya maswali ndiyo mlango wa kitu. Hakuna aliyewahi kuja na karatasi, akawatilisha watu sahihi, akawauliza wanataka nini, halafu akaondoka akiwa hana alichobeba. Na juu ya hayo yeye alikuwa ameomba, akasema Amina. Katika kundi lao la maombi, neno ulilolisema mbele ya Mungu na kulifungia kwa Amina ni agano. Hutoki ndani yake kwa sababu daktari amevuta kiti.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ile ilikuwa exercice, zoezi. Ya masomo. Haikuwa mambo ya kweli."

Akashangaa kweli. "Exercice? Miye nililomba Mungu juu ya exercice?"

"Nilikosa, mama. Sikukuelezea muzuri."

"Ulinielezea muzuri sana. Nilisikia yote." Akanishika mkono, akawa ananituliza mimi. "Miye njo nilikulea. Haungeniuliza kintu yenye hauwezi kunipa."

Nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nililia kwa uchungu na kwa hasira pia, na hasira sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia yeye kwa kuniamini hivyo. Nilijiuliza ni nani aliyemfundisha kuniamini, na jibu ni kwamba nilimfundisha mimi, kwa miaka yote niliyomwambia dawa hii itakusaidia, na ikamsaidia.

Alasiri nilimfuata mwalimu wangu ofisini. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka barua, muhuri, karatasi nyingine kubwa kuliko ile ya kwanza. Alinisikiliza kwa huzuni, akavua miwani. Akasema namba ile niiondoe kwenye data, kwa sababu mhojiwa hakuelewa kwamba swali ni la kufikirika tu. Nikamwambia, mwalimu, namba nimeshaiondoa, ninaulizia mguu. Akasema anasikitika sana. Alikuwa anasikitika kweli, nilimwona. Alinishika bega mpaka mlangoni.

Jumanne nilimleta mama anayeongoza kundi lao la maombi. Njiani nilimsihi amfungulie lile agano. Akatikisa kichwa. "Miye siwezi kufungua agano ya mwingine. Alisema Amina mwenyewe." Lakini alipofika alijitahidi, Mungu ambariki. Alimwambia kwamba Mungu huponya pia kwa mikono ya madaktari.

"Njo vile," mama mkubwa akamjibu, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Docteur ni huyu mwana. Na njo yeye aliniuliza."

Sikuwa daktari, nilikuwa muuguzi mwenye alama nzuri. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu kama mtu anayemsikia mtoto anajishusha mbele ya wageni.

Jumatano nilijaribu ukatili. Nilimwambia atakufa. Nilimwambia miaka sita hiyo sina, sikuwahi kuwa nayo, hakuna mtu katika shule nzima aliye nayo, na kwamba mguu ule unamuua hivi tunavyoongea. Niliongea kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Alinisikiliza akiwa na homa tayari, midomo imekauka. Akasema nimechoka, niende nikalale, masomo yananichosha.

Alhamisi asubuhi homa ilipanda akaanza kuzungumza na mteja wa zamani, anampimia kitenge, anamwambia rangi hii haitoki. Hakunitambua. Mwanawe alikuwa amefika kutoka Kinsevere, ameomba ruhusa mgodini, bado amevaa buti za kazi. Daktari akaja na fomu. Akasema sasa mgonjwa hawezi kuamua, ndugu ndio wanaoamua. Na akasema sumu imeshapanda. Jumatatu angekata chini ya goti. Leo ni juu ya goti, na hata hivyo haahidi.

Ndugu yangu aliishika ile karatasi kwa muda. Yeye ni mwanawe wa kumzaa, sahihi ilikuwa yake. Lakini alinisogezea. "Weye njo ulisoma," akasema. "Tia weye."

Hakusema kwa ubaya. Nilitia sahihi. Nilikuwa najua, kalamu ikiwa inatembea, kwamba ninamwondoa kwenye neno alilolisema kwa hiari yake, na kwamba nikimwacha nalo atakufa kabla ya Jumapili. Katika miaka miwili ya masomo hakuna aliyeniambia mtu anafanya nini hapo. Au labda lilifundishwa siku ambayo nilikuwa zamu.

Alipona. Homa ilishuka siku ya tatu, na Jumapili alikuwa anajua yuko wapi. Nilikuwa nimekaa kando yake alipopitisha mkono juu ya blanketi, upande wa kushoto, akausimamisha pale ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa.

"Balikata," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani alikubali?"

"Miye."

Niliomba moyoni anitukane. Nilikuwa tayari kwa kutukanwa, kwa kufukuzwa, hata kwa kulaaniwa. Akageuza uso akanitazama, na usoni hapakuwa na hasira yoyote. Alikuwa ana wasiwasi tu, kama mtu aliyeshuka treni kwenye kituo asichokijua.

"Sasa agano ilivunjika," akasema. "Kumi nilikataa miye mwenyewe, mbele ya Mungu. Na sita ulivunja weye. Sasa inabakia ngapi?"

Nilitaka kumwambia habari za wagonjwa waliokatwa juu ya goti, wanaotunza sukari yao, wanaoishi muda mrefu. Nilijua jinsi ya kuhesabu wastani, na jinsi ya kuupunguza, na jinsi ya kuandika pembeni ni kiasi gani usiuamini. Hakuwa anauliza wastani.

"Sijue, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akafunga macho.

Shahada niliipata. Kwenye tasnifu kuna namba za wahojiwa wengi, na kabla ya kuanza kila mmoja wao nilimwambia mara tatu kwamba sina kitu cha kumpa; wengine waliinuka wakaondoka, na niliwaelewa. Siku ya kuitetea, mmoja wa waliohoji aliuliza kwa nini watu wa kwetu wanaonekana wagumu kutaja miaka. Nilijibu jibu la kitaalamu, akaridhika.

Mama mkubwa yuko Hewa Bora. Ndugu yangu alimletea kiti cha magurudumu, na anajifunza magongo, ingawa hapendi. Kila Jumapili baada ya ibada nakwenda kumwona. Tunaongea, tunakula, ananiuliza habari za kituo. Na kila Jumapili, kabla sijaaga, ananiuliza lile swali lake. Haulizi kwa uchungu tena. Anauliza kama mtu anayetaka kupanga mambo yake: kama inafaa aanze tena biashara ya vitenge hapo barazani, kama amwite dada yake mdogo aliyebaki Kasai waonane, kama apake nyumba rangi. Kila moja la hayo linategemea imebaki miaka mingapi.

"Sijue, mama," namwambia.

"Hata sasa, weye mwenye ulimaliza masomo?"

"Hata sasa."

"Basi," anasema, na anageuza kiti kuelekea dirishani. "Nitakaa tu."